Mwiko wa Mama

Wakati meno yangu ya mbele yanang'oka, niliamini kabisa kwamba kipanda uso, yale maumivu ya upande mmoja wa kichwa, kina miguu. Jina lenyewe si linasema? Kinapanda. Na kitu hakipandi bila miguu. Nilikiona akilini mwangu: kidogo, cha kijivu, chenye kucha kama za mjusi. Jua likichomoza kinaanzia kwenye taya la mama, kinapita shavuni, kinafika juu ya jicho la kushoto, kinakaa pale na kumtafuna mpaka alasiri. Wala sikujitungia yote. Bibi, mama yake baba, alisema kwa kinywa chake kwamba kipanda uso hutembea na jua: likipanda kinapanda, likishuka kinashuka. Usiku hakina kazi.

Tulikuwa ndio kwanza tumehamia kijiji cha ujamaa, upande wa Mkiwa. Kule tulikotoka kila familia ilikaa peke yake, shamba limeanzia nyuma ya zizi, na mama akichoka kulima alikuwa anaingia jikoni kula kiporo na kurudi. Kijijini mambo yalibadilika. Nyumba zilipangwa mistari, shamba la wote likawa mbali, na alfajiri balozi wetu wa nyumba kumi aligonga rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini. Alikuwa anaigonga kwa furaha ya ajabu, yule bwana, utadhani amelipwa kwa kila mlio. Rimu ikilia, mama anachukua jembe anatoka. Mimi, wadogo zangu na bibi tunabaki tukinywa uji.

"Mama, wewe hunywi?"

"Mimi asubuhi sina njaa," anajibu, huku ameshafika uani.

Kichwa chake kilianza mwaka huo huo. Kabla ya saa sita unawaona wanawake wanamleta wamemshika huku na huku, kanga imefungwa kichwani kwa nguvu, jicho moja limefumba. Analala kwenye chumba cha giza. Hataki mwanga, hataki moshi, hataki sauti. Akitapika, anatapika maji matupu. Sisi watoto tulifukuzwa uani, na kuku nao wakafukuzwa, na jogoo mmoja aliyejifanya mkaidi aliishia kwenye sufuria. Niliogopa vibaya sana. Mama yangu alikuwa mwanamke wa kucheka kwa sauti, na kumwona amelala kimya vile ilikuwa kama kuona nyumba ya mtu mwingine.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Jirani wa kulia alisema ni mizimu tuliyoiacha kwenye mahame yetu ya zamani, imekasirika kwa kukosa wa kuitambikia. Jirani wa kushoto alisema ni jicho la watu. Baba alisema ni vumbi. Zahanati walimpa vidonge vyeupe, akavitapika. Na majibu yote hayo yalitolewa kwa sauti kubwa, mlangoni kwake, wakati yeye alichotaka ni watu wanyamaze tu.

Halafu likaja suala la yai.

Serikali ilituletea dada mmoja wa maendeleo, Dada Mwanaidi, mtu wa Tanga, mwembamba, Kiswahili chake kinateleza mpaka unatamani umwombe arudie. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha akina mama chakula bora. Siku hiyo alichemsha mayai, akayamenya, akauliza nani ataonja. Wanawake wakatazamana. Kwa ukoo wa baba yangu, mwanamke aliye katika umri wa kuzaa hakuwa anakula yai, basi, wala hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Lakini mama yangu alikuwa Mnyiramba wa Misigiri, aliyeolewa huku, na tena alikuwa mtu wa kumwonea haya mgeni anapoachwa amenyoosha mkono hewani. Akalichukua. Akalitia chumvi, akalila lote, akasema, "Mbona tamu!"

Mama alipofika nyumbani, habari zilikuwa zimeshafika kabla yake. Kesho yake, huko shambani, kichwa kikampanda, na safari hii kilimpanda kwelikweli.

Weee! Bibi alijifunga kanga kiunoni, akanishika mkono, tukaenda hadi kwa Dada Mwanaidi. Nyumbani kwetu tulisema Kinyaturu. Kiswahili mimi nilikuwa nacho cha darasa la pili, na bibi alikuwa nacho cha sokoni. Ila kwa kuwa mgeni hakujua Kinyaturu, ilibidi bibi amgombeze kwa Kiswahili, na alijitahidi, haki ya Mungu.

"Wewe mtoto! Umefanya mkwe yangu kuvunja mwiko! Sasa kichwa chake utashika wewe?"

Dada Mwanaidi alisimama na kijiko mkononi. "Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba! Amevunja mwiko!"

Jioni nikamsikia bibi akimwambia baba, sasa kwa Kinyaturu, polepole, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. "Mtoto wa watu huyu sitaki anifie mikononi. Kikimpanda tena, mpeleke kwao Misigiri wakamtengeneze."

Baba aliinamisha kichwa. "Sawa, mama."

Sasa ninyi mnaosafiri mtasema Misigiri si mbali. Wakati ule ilikuwa ni malori mawili na bahati. Na nilikuwa na mwenzangu darasani ambaye mama yake naye alipelekwa kwao kutengenezwa. Alisemekana atarudi baada ya mavuno. Mavuno yalipita, mengine yakapita, na mwenzangu akawa anachanwa nywele na mwanamke mwingine. Nilikuwa nakitazama kichwa chake kila siku mbele yangu darasani. Usiku ule sikutaka kulala, nikihofia nitaamka mama ameshapandishwa lori.

Nikafikiri. Shida yetu ilikuwa nyepesi, mbona wakubwa wanaifanya ngumu? Mama amevunja mwiko. Asubuhi nikaingia jikoni, nikauchukua mwiko, na kweli, ulikuwa umepasuka ubavuni tangu siku tulipohama, mama ameufunga kwa waya. Ushahidi ndio huo! Kinyaturu hakichanganyi mambo haya mawili, kijiti cha kusongea ugali na jambo lililokatazwa. Ni Kiswahili tu kilichoyapa jina moja, na Kiswahili cha darasa la pili hakikuwa kimefika kwenye lile la pili. Kwa hiyo nilichoelewa ni kwamba mwiko wa ugali ukivunjika, mwenye nao anaumwa kichwa. Mbona ilikuwa na maana tu? Kazi iliyobaki ni kutafuta mwiko mpya.

Mwisho wa mstari wetu wa nyumba alikaa Mzee Sungi, fundi wa vinu, vigoda na miiko. Alikuwa mjane, anajipikia mwenyewe, na mapishi yake yalijulikana kijiji kizima kwa harufu ya kuungua.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Sijatumwa. Nataka mwiko wa mama. Ule wake ameuvunja, ndiyo maana kichwa kinampanda. Bibi amesema."

Mzee Sungi aliniangalia. Akaweka chini tezo yake ya kuchongea. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika mbavu, akafuta machozi, akaniangalia tena, akaanza upya. Mimi nimesimama tu. Mtu mzima mwenye adabu zake angenisahihisha pale pale. Lakini Mzee Sungi alikuwa na njaa, tena njaa ya muda mrefu, na nadhani wazo lilimjia katikati ya kicheko.

"Nitakupa," akasema, uso umekuwa mzito kama wa mchungaji. "Tena bure. Lakini mwiko wangu una masharti yake."

"Masharti gani, babu?"

"Unaupikia uji asubuhi, kabla balozi hajagonga ile rimu yake. Bakuli la kwanza ni la mama yako, alimalize, asibakize hata tone. La pili..." Akatazama paa la kibanda chake kana kwamba anakumbuka mambo ya wahenga. "La pili ni la fundi."

Nikakimbia nyumbani nimeukumbatia mwiko mpya kifuani.

Kesho yake niliamka kabla ya jogoo, maana tulikuwa na jogoo mwingine sasa, mwenye adabu. Nikainjika uji wa uwele, nikaukoroga kwa mwiko mpya, nikamimina bakuli la kwanza likajaa pomoni, nikampelekea mama anayejifunga kilemba.

"Mimi asubuhi sina..."

"Utapelekwa Misigiri!" Nikaangua kilio. Nikalia kwa sauti niliyokuwa naizuia tangu juzi, na katikati ya kilio nikamwambia yote, mwiko, fundi, masharti, kila kitu. Mama akaketi. Sijui alielewa nini na nini hakuelewa. Alichukua bakuli, akanywa, mpaka mwisho, akapangusa kwa kidole, akanionyesha kuwa ni tupu.

"Umeona? Haya, nyamaza."

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni, ananitazama. Kwa kilio kile, sidhani kama habari ya bakuli la fundi aliisikia.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo kazi yangu. Kabla ya shule, uji. Bakuli la kwanza kwa mama, la pili nalifunika na kulipeleka kwa Mzee Sungi, halafu ndipo wengine. Na kichwa hakikuja! Palizi ikaisha, hakikuja. Uwele ukatoa masuke, tukaanza kufukuza ndege, hakikuja. Mama akarudi kucheka. Siku moja nilimsikia akiimba njiani na wenzake wakirudi shambani, nikasimama nyuma ya nyumba nikiwa nimejaa majivuno, nikijua kuwa sauti ile imetokana na kazi ya mikono yangu. Mzee Sungi naye alinenepa. Watu walianza kusema labda ana mchumba.

Ilikuwa karibu na mavuno bibi aliponisimamisha uani, bakuli mkononi.

"Huo kila siku unaupeleka wapi?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa fahari kabisa, nikiamini atanisifu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika kwenye bakuli la fundi, aliufunga upya mtandio wake, akashika fimbo, akaondoka. Nikamfuata mbio, uji unamwagika.

Loo! Kinyaturu kina maneno ya kazi ile ambayo Kiswahili hakijayapata mpaka leo. Bibi alimkuta Mzee Sungi amekaa, kijiko tayari mkononi, anasubiri bakuli lake. Alimwambia habari za tumbo lake, na tumbo la baba yake, na watu wanaokula jasho la watoto wadogo. Mzee Sungi alirudi nyuma mpaka akakalia kinu.

"Dada yangu, mtoto kaja anataka mwiko, mimi nikampa mwiko! Kosa langu liko wapi?"

"Ni mwiko wa yai niliousema!" bibi akafoka, sasa kwa lile lile neno la Kiswahili lililoniponza. "Wa yai!"

"Sasa mimi fundi, nitachongaje mwiko wa yai?"

Hapo majirani waliokuwa wamesogea wakashindwa kujizuia. Habari ikazunguka kijiji kizima kabla kengele ya shule haijalia. Nilifika shuleni nikakuta wameshanipa jina: Mwiko. Hata mwalimu aliliita mara moja, akajifanya kukohoa.

Jioni mama alipoisikia yote alicheka mpaka akalala kwenye mkeka. Lakini kicheko kilipokwisha akanivuta kwake. "Kumbe ulikuwa mzaha wa mzee. Basi, mwanangu, kesho lala. Usijisumbue tena na uji wangu."

Nikalala. Asubuhi rimu ililia nikaisikia nikiwa bado kitandani, na mama akatoka kama alivyokuwa anatoka zamani.

Walimleta kabla ya saa sita. Kanga kichwani, jicho limefumba.

Hakuna aliyecheka tena. Baba akasema kesho atakwenda kusubiri lori njia panda. Mama hakubisha. Hata kubisha kunataka kichwa kizima. Nililia mpaka nikapata kwikwi, nikajibanza nyuma ya ghala la uwele, na ni kutoka pale nilipomwona bibi akiingia chumba cha giza na kuketi chini karibu na kitanda cha mama. Aliuliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikujua kuwa anayo.

"Jana ulikula yai?"

"Hapana, mama. Sijala tangu siku ile."

"Leo asubuhi ulikula nini?"

"Sikula."

Bibi akaikaza upya kanga kichwani mwa mama. Alikaa pale mpaka jua likainama na kichwa cha mama kikaanza kulegea.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya mwiko ukigonga ukingo wa sufuria. Si mimi, si mama. Bibi mwenyewe, mgongo umepinda, anakoroga uji kwa ule ule mwiko wa Mzee Sungi. Baba alikuwa ameshavaa koti lake la safari, furushi la mama liko mlangoni. Bibi akampita kama anayepita nguzo, akampa mama bakuli, akasimama juu yake mpaka likaisha. Ndipo akamgeukia baba.

"Vua koti. Huyu haendi popote. Mwiko wake nimeshaujua."

"Upi tena, mama?"

"Njaa." Akamgeukia mama. "Mwiko wako ni kutoka humu ndani na tumbo tupu. Uvunje tena, utanikuta mimi."

Nilikimbia nikakumbatia miguu ya bibi kwa nguvu hata akakaribia kuanguka kwenye moto. Akanipiga kikofi kidogo cha kichwani, na nakwambieni, sijawahi kupigwa kofi tamu kama lile. Tangu siku hiyo mama hakutoka bila kunywa uji, na kwenye kikapu chake bibi alikuwa anatia viazi vitamu vya kuchemsha na kibuyu cha maji. Jua likisogea kidogo tu, mama ilibidi aache jembe na ale, mbele za watu, atake asitake. Mwanzoni wenzake walimtania. Baadaye nao wakaanza kubeba vyao.

Sitawadanganya kuwa kilikoma kabisa. Mara moja moja kilikuja, hasa siku za shida na za usingizi mdogo. Lakini safari ya Misigiri haikutajwa tena, isipokuwa ya kwenda kusalimia. Kuhusu yai, bibi hakukiri lolote mpaka anaingia kaburini. Mama alikuwa anayala kwa Dada Mwanaidi, bibi anajua, mama anajua kuwa bibi anajua, na kichwa kinanyamaza.

Mimi nami ninacho hicho kipanda uso. Nilikirithi kwake, kikaanza nikiwa mtu mzima, na nilipokwenda hospitali daktari hakuanza na vidonge, alianza na maswali. Unakula saa ngapi? Maji unakunywa? Kahawa? Pombe? Nyama hizi za kusindikwa? Akaniambia kila mtu ana vyake, cha jirani kinaweza kisiwe changu. Changu ni kuchelewa kula, na soseji, na kahawa nikiizoea halafu nikaikosa. Nina rafiki ambaye mvinyo nusu glasi unamlaza siku nzima, lakini soseji anakula na hazimdhuru. Daktari aliviita vichochezi. Mimi moyoni nikaviita miiko, nikacheka peke yangu, daktari akanitazama kwa mashaka.

Watu wakinisikia nikisimulia haya huniuliza nani alikuwa sahihi. Hakuna! Bibi alikosea yai, mimi nikakosea mwiko, Mzee Sungi alikuwa anatafuta shibe yake. Na bado makosa yetu sisi watatu yalimpa mwanamke mmoja chakula cha asubuhi. Kwa muda mrefu niliishia hapo katika kusimulia, na watu wanacheka, na mimi nacheka nao.

Hadi juzi. Mama amezeeka, yuko kwangu Singida mjini, anaota jua kibarazani. Nikamuuliza jambo ambalo sijui kwa nini sikuwahi kumuuliza.

"Mama, wakati ule kwa nini ulikuwa hunywi uji na sisi? Kweli hukuwa na njaa?"

Akanitazama kwa mshangao. "Nani mlimaji asiye na njaa? Unga ulikuwa haututoshi, wewe. Wadogo zako, wewe, na bibi yako hana meno. Ningekunywa mimi, nani angekosa?"

"Lakini mimi nilikuwa nakupa bakuli zima. Na Mzee Sungi. Sufuria ilikuwa ile ile, unga ule ule."

"Uji wa bibi yako huo."

Nikavuta kigoda karibu naye.

"Siku ya kwanza tu nilimwambia," akaendelea. "Mama, mtoto ananipa uji wako. Akasema, kunywa unyamaze, usimvunje moyo mtoto. Yeye akawa anakwangua ukoko. Alimgombeza Sungi kwa bakuli lile la pili, hakuwahi kunigombeza kwa la kwanza."

"Huyo huyo aliyetaka kukurudisha Misigiri?"

"Huyo huyo. Alitaka nipone, mwanangu. Hakujua tu nitaponea wapi."

Nilisimama, nikaingia jikoni, nikainjika uji.

"Unapika nini saa hizi?" mama akaniita kutoka nje. "Nimeshiba mimi!"

"Utakunywa," nikamwambia. "Utakunywa, mama, tena wote."